Siku Tulipoamriwa Kuteka

Askari asiye na vita ni kiumbe wa kuhurumiwa, lakini wale Waingereza sikupata kuwahurumia. Waliletwa Amu, ambayo wengine huiita Lamu, katika miaka ya hali ya hatari, kuwalinda mahabusu wa siasa waliotolewa bara na kufungiwa kisiwani Manda, ng'ambo ya mkondo. Kazi yao yote ilikuwa kuhakikisha kwamba watu waliokwisha kufungwa hawafunguki. Kazi hiyo waliifanya kwa zamu, na aliyekuwa nje ya zamu alivuka kuja mjini kwetu kutafuta namna ya kuupitisha mchana. Walicheza mpira mchangani Shela hadi magoti yakababuka. Waliwapiga picha punda. Waliketi mbele ya afisi yao kwa vikaptula, wakasubiri meli ilete vinywaji, na meli ilipochelewa wakagombana wenyewe kwa wenyewe.

Meja wao, mtu mrefu mwenye masharubu ya rangi ya mkonge, aliona kwamba uvivu huo utawaharibu. Akaamuru ufurahiwe mchezo wa kuigiza. Nasema akaamuru, maana katika jeshi lile hata furaha ilitangazwa kwenye gwaride.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimesoma tamthilia za Wazungu darasani kwa heshima kubwa, na kwa siku chache nilidanganyika kwamba huenda nikaona moja ikichezwa mlangoni petu. Siku moja nikapita nyuma ya afisi yao wakati wa mazoezi. Niliwaona koplo wawili wenye migongo myekundu wakigombania nani awe mke mkubwa wa Sultani. Mwenzao alikuwa akisuka nywele za kike kwa usumba uliochambuliwa kutoka kamba ya mashua, na mwingine akijifunga mto tumboni awe Sultani. Juu ya meza kulikuwa na vifuu vinne vilivyopasuliwa vizuri, na sikuhitaji kuuliza vingevaliwa wapi. Nikaenda zangu. Heshima yangu kwa sanaa yao ilikwisha pale pale.

Walituma watu mjini kuazima nguo za kike. Hakuna nyumba iliyotoa. Mji mzima ukawa ghafla hauna buibui la akiba, na wanawake wote wakawa wanavaa lile lile moja. Mwishowe walinunua mpya dukani. Kisha mpiga mbiu akazungushwa mitaani kutangaza kwamba Meja awaalika wanaume wote wa Amu kwenye uwanja wa mbele ya ngome, baada ya swala ya alasiri, siku ya Jumapili; na wanawake wakipenda watazame kutoka madarini.

Jioni ya tangazo hilo, wanaume walikuwa wameketi kwenye daka la mjomba wangu, yaani vile vibaraza viwili vya mawe vinavyotazamana mbele ya mlango wa kila nyumba ya kale kwetu. Mjomba alikuwa kaka wa pekee aliyembakia mama yangu. Alikuwa mtu wa nyumba kongwe na ulimi mkongwe zaidi. Mwembamba, mwenye pumu, na watu walivuka mitaa kuja kumsikia akiwasema wengine, wakijua vyema kwamba wakiondoka watasemwa wao.

"Bwana, utakwenda?" mmoja akamwuliza.

"Nina udhuru gani? Harusi tumealikwa. Bwana harusi ni meja, bibi harusi ni koplo. Mahari ndiyo sijaambiwa."

"Wasema watavaa buibui."

"Na wavae. Labda watajifunza haya, maana haiwezekani nguo ivaliwe bure." Akasubiri wamalize kucheka. "Waatani wateze. Siku ya mtezo sote tutakwenda, na tutawateka hata waikimbie nti."

Yapasa niyaeleze maneno hayo kwa msomaji asiyetoka kwetu. Pale wenzetu wa Unguja wasemapo "ch," sisi watu wa Amu katika maneno mengi husema "t." Nchi yao ni nti yetu, macho yao ni mato yetu, mchezo wao ni mtezo wetu. Na wao wanapocheka, sisi twateka. Mjomba alisema: waacheni wacheze, siku ya mchezo sote tutakwenda, na tutawacheka hata waikimbie nchi. Alikuwa anatoa ahadi ya kicheko, wala hakuna aliyekuwapo aliyesikia jambo jingine.

Ila mmoja. Wakati huo alikuwa akipita mkalimani wa kikosi, mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili chake kambini na kukiamini kama mtu aaminivyo dini yake. Hakutoa salamu, kwa hiyo hakuna aliyemjali. Alisimama kidogo kwenye kona, akajifanya afunga kamba za viatu, akaenda zake. Kwa sikio lake, mzee wa Amu alikuwa amewaambia wenzake hivi: waacheni watese, siku ya mchezo sote tutakwenda, nasi tutawateka hata waikimbie nchi.

Mchana wa pili yake wakaja askari na bunduki, wakamtoa mjomba kwenye chakula, wakamtia ngomeni, ambayo siku hizo ilikuwa jela. Habari ikatufikia kwamba ni mpangaji wa uasi. Kwamba kulikuwa na njama ya kuwanyakua askari watakapokuwa wamevaa nguo za mchezo, hawana silaha. Na kwamba akithibitika atavushwa Manda akakae na wale wenziwe, ambao hakuwahi hata kuwaona. Manda ile haina maji matamu. Mapafu ya mjomba yalikuwa kama mivukuto iliyotoboka. Sote tulijua kwamba akivushwa hatarudi kwa miguu yake.

Mama alinikuta ukumbini nimeshika kitabu.

"Ndiwe mwenye Kiingereza," akaniambia. "Enda ukakitumie."

Meja alinipokea vizuri kuliko nilivyotaka. Watu wa namna yake walifurahi sana kumkuta mwenyeji asomaye. Walimtazama kama kasuku aliyejifunza neno jipya. Nilimweleza kwa Kiingereza, kwa utaratibu, habari ya ch na t. Mkalimani alisimama kando ya meza, mikono nyuma, akitabasamu.

"Afande, mimi nimesema Kiswahili miaka mingi," akadakia. "Kuteka ni kuteka. Majambazi huteka. Adui huteka mji. Huyu bwana anamtetea mjomba wake."

Meja akanyosha mkono rafuni, akashusha kamusi, akalamba kidole na kuifungua. Alisoma kwa sauti. Kuteka: kuchota maji. Kuteka: kutwaa kwa nguvu, kunyakua. Akageuza ukurasa, akarudi, akanitazama kwa huzuni ya mtu aliyemkamata rafiki akisema uongo.

"Kucheka hakumo," akasema.

"Kamusi hiyo haikuandikwa Amu, bwana."

"Lakini imeandikwa."

Nilikuwa nimefundishwa na watu wa kwao kwamba kilichoandikwa hushinda kinachosemwa, na nilikuwa nimeandika insha nzuri kuthibitisha hivyo. Nikabaki kutazama masharubu yake. Kisha nikasema jambo ambalo halikuwa hoja hata kidogo. "Bwana Meja, mchezo wenu ni wa huzuni au wa kuchekesha?"

Uso ulimbadilika. Akakaa vyema kitini. "Wa kuchekesha," akasema. "Wa kuchekesha sana. Nimeuandika mwenyewe."

"Basi mzee amesikia sifa zake. Amesema mji mzima utakuja kucheka."

Niliona neno hilo likimwingia kama asali. Majivuno ya mtunzi, nadhani, ni silaha ambayo hakuna jeshi lililofundishwa kujikinga nayo. Alitembea chumbani, akarudi, na hapo akatoa hukumu ambayo bila shaka aliiona ya hekima kuu. Mzee ataletwa mchezoni, ataketi mstari wa mbele. Akicheka, neno lile maana yake ni kucheka, na atakwenda nyumbani. Asipocheka, neno maana yake ni ile iliyomo kitabuni, na atavushwa. Akamwita sajini na mkalimani, akawarudia maneno hayo wakiwa wima, kisha akanipa mkono.

Nilimpelekea mjomba chakula ngomeni, nikamweleza. Alinisikiliza huku akitafuna polepole.

"Niteke kwa amri?"

"Kidogo tu, mjomba. Wakusikie."

"Na mtezo wenyewe watekesha?"

Nilimwambia ukweli, habari ya vifuu na usumba na Sultani mwenye mto tumboni. Akaacha kutafuna.

"Yaani watatutukana, nami ndiye niwe shahidi kwamba tumefurahi."

"Mama asema uteke. Asema kuteka si kula haramu."

"Mwambie mamako, miaka yote nimemtekesha yeye, sijamwomba ateke." Akafuta vidole. "Na weye, Bwana Msomi, ulikwenda kwa mtu aliyenishitaki kwa uasi, ukamwambia nimemsifu. Afadhali ungemwacha aniogope."

Hadi leo sidhani kwamba nilikuwa na njia nyingine. Nilimkumbusha maji ya Manda na kifua chake. Akaisukuma sahani kando. Mtu mwenye pumu hahitaji kuelezwa maana ya kukosa pumzi.

Jumapili uwanja ulijaa. Kwanza walikuja waheshimiwa: wenye vilemba, wenye vyeo vidogo serikalini, wenye maduka yaliyowauzia askari sabuni na sigara. Waliwekewa viti. Nyuma yao watu wengine wakasimama au wakachutama, na juu madarini wanawake walikuwa mstari mweusi kuzunguka uwanja mzima. Mjomba aliletwa kutoka ngomeni kati ya askari wawili, kanzu yake imekunjamana, akakalishwa katikati ya mstari wa mbele. Mkalimani akaketi kulia kwake. Mimi nikapata nafasi nyuma yao. Mji ulikuwa umekwisha kupata habari ya sharti lile. Kwetu habari haihitaji mpiga mbiu. Kila mtu alijua pia kwamba adhana ya magharibi ikisikika sote tutainuka, mchezo uwe umekwisha au haujaisha.

Nitauelezea mchezo kwa ufupi, maana haustahili zaidi. Palikuwa na Sultani wa mji wa pwani, mnene, mlevi, mwenye wake wanne. Wake hao walitoka wamevaa buibui, na chini ya buibui viatu vya jeshi. Walipigana kwa mafagio. Kifuu cha mmoja kikaanguka, kikabingirika hadi miguuni mwa waheshimiwa, na askari wote waliokuwa pembeni wakapasuka kwa kicheko. Palikuwa na kadhi aliyekula rushwa ya ndizi. Palikuwa na mtumishi aliyepakwa masizi usoni, ambaye kila alipoitwa alianguka. Kisha Sultani akamteka msichana wa Kizungu, yule mwenye nywele za usumba, na nahodha shujaa akaja kumwokoa. Nahodha alikuwa Meja mwenyewe.

Watu wa uwanjani hawakucheka. Hawakukasirika pia, au hawakuonyesha. Walitazama kwa adabu ileile wanayoitumia mgeni anapokula kwa mkono wa kushoto. Waliocheka ni waheshimiwa. Walicheka kadhi alipomenya ndizi. Walicheka wake walipopigana. Mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Nimewasamehe watu wengi katika maisha yangu, lakini watu waliolipia viti vya mbele kwa vicheko vile sikuwasamehe, ingawa baadaye nilikula nao, nikaozana nao, na kuwazika. Askari walitudharau kwa ujinga. Hawa walijua kila kitu kilichokuwa kikidharauliwa, na majina ya wake zao waliokuwa juu darini wakitazama.

Mjomba alikaa kama aliyechongwa. Nilikuwa naona shingo yake tu. Kila kicheko cha waheshimiwa kilipopita, mkalimani aligeuka kumtazama, kisha akatazama mbele, ameridhika. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Teka, bwana. Teka, utatuulia mtu." Nilitazama juu nikamtafuta mama, nisimtambue katika weusi ule.

Mchezo wa kuchekesha ukafika mwisho wake, Sultani akapigwa teke, akatoka. Hapo Meja akavua kofia, akaja mbele kabisa, akawaashiria askari wake wanyamaze. Sasa, tuliona, lilikuwa linakuja jambo la maana. Alikuwa amelitayarisha kwa Kiswahili, kwa ajili yetu. Aliweka mkono kifuani. Nyuma yake ulikuwa mlango wa ngome, umefungwa kwa komeo, na askari wawili wenye bunduki wakiulinda.

"Watu ya Lamu," akasema, na sauti yake ilitetemeka kweli. "Sisi nakuja hapa mbali sana. Sisi nakuja na sheria. Sisi hapana taka nchi yenu. Sisi hapana taka kitu."

Sauti iliyotoka kwa mjomba mwanzo nilidhani ni pumu. Mabega yalipanda, shingo ikakaza, na kitu kama filimbi kikapita kifuani mwake. Nikashika kiti chake nikitaka kuinuka.

"Ni kikohozi, afande!" mkalimani akapaza sauti. "Anakohoa tu!"

Mjomba akainua mkono kumzuia asinene. Akavuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena, kisha akamnyoshea Meja kidole, kidole kirefu chenye pete, na kwa lafudhi ya Meja mwenyewe, bila kukosea hata silabi, akasema, "Hapana taka kitu!"

Na akacheka. Hakikuwa kicheko cha kumwokoa mtu. Kilimtoka kama kitu alichokuwa amekizuia tangu alipozaliwa. Kilimpinda, kilimtoa machozi, kilimpokonya pumzi na kumrudishia robo yake. Mtu wa nyuma akarudia, "Hapana taka kitu!" Uwanja mzima ukapasuka. Waliochutama wakashikana mabega. Kutoka madarini vikashuka vicheko vya wanawake, ambavyo katika mji wetu havisikiki nje ya nyumba, na nikakitambua cha mama. Waheshimiwa waliacha kucheka. Walimtazama Meja kwanza, wapate kujua kama imeruhusiwa.

Meja alisimama, mkono bado kifuani. Watu wengi wa Amu wamesimulia kwamba yule mpumbavu alidhani anasifiwa. Mimi nilikuwa karibu. Masikio yake yalikuwa mekundu, na macho yake yalimtafuta mkalimani, kisha sajini, kisha mimi. Alijua. Lakini alikuwa ametoa hukumu mbele ya watu wake wakiwa wima, na jeshi linaweza kuvumilia dhuluma kuliko kuvumilia amri iliyogeuzwa. Akainamisha kichwa, kama wafanyavyo waigizaji wakishangiliwa. Adhana ikaanza, nasi tukainuka kwenda kuswali, bado tukifuta macho. Mjomba hakurudishwa ngomeni.

Kwa siku nyingi mji uliishi kwa kisa kile. Vijana walisalimiana kwa "hapana taka kitu." Muuza samaki alimjibu hivyo mnunuzi mgumu. Kilisimuliwa hadi mji wa Siyu, kikarudi kikiwa kimenenepa: Meja alikuwa amelia, askari walikuwa wametupa bunduki. Mimi nilikichukua hadi chuoni, nikakisimulia kwa wenzangu wa nchi nyingine, nikakipamba, nikapata sifa. Tulijiona tumeshinda. Ni ushindi wa namna tuupendao sana watu wa miji ya zamani: ushindi wa ulimi, usiomwondoa mtu yeyote alipo. Askari wale hawakuikimbia nti. Waliendelea kucheza mpira Shela, na mashua iliendelea kuvusha zamu asubuhi na jioni.

Mjomba peke yake hakukisimulia. Nilidhani ni ugonjwa, kwa kuwa kicheko kile kilimlaza kitandani siku kadhaa. Alipoweza kutoka, watu walimjia dakani kama kawaida, kahawa ikaletwa, na mmoja wa wale wa kwanza akampiga paja.

"Umewateka, bwana! Wallahi umewateka!"

"Nimeteka, nimefunguliwa," mjomba akasema. Alikuwa akizungusha kikombe mkononi bila kunywa. "Na wale wa Manda, wateke nini wafunguliwe?"

Yule mtu akaondoa mkono wake. Mwingine akasema kahawa imepoa, na baada ya kitambo wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wakiaga kwa adabu.